Nusu ya Sweta

Ikifika Oktoba magoti yangu huanza kuuma. Daktari anasema ni baridi ya huku juu. Mimi nasema ni watakatifu, maana huo ndio msimu wao.

Shule yetu iko kilimani, ukitoka Keroka kuelekea Nyamira, majani chai huku na migomba kule. Kila mwaka, kabla shule hazijafungwa, tunafanya maandamano ya watakatifu. Sikukuu yenyewe ya Watakatifu Wote huwakuta watoto washaenda nyumbani, kwa hiyo sisi huiwahi. Kila mtoto anachagua mtakatifu wake, anavaa kama yeye, anasimama mbele ya paredi wazazi wakitazama, anasema: mimi nilikuwa fulani, nilifanya hili na hili, nifuateni. Mzigo wote ni wa mwalimu wa dini, na mwalimu wa dini ni mimi.

Watu huona mataji ya maboksi na ndevu za pamba wakadhani ni raha. Raha iko wapi? Wasichana wote wanataka kuwa malkia. Wavulana wote wanataka upanga. Ukimwambia mtoto, wewe utakuwa yule mtakatifu aliyeosha vidonda vya wenye ukoma, anakutazama kama umemtukana mama yake. Mwaka mmoja nililegea, nikawaacha wajichagulie, nikapata mashujaa wa upanga wengi kuliko jeshi. Kabla sala ya kufungua haijaisha, mtakatifu mmoja alikuwa amempasua mwenzake mdomo. Na leso za mama zao, walizojifunga kama majoho, zinawadondoka katikati ya uwanja, wanabaki na kaptura. Nguo ya kuazima, jamani, mnajua wenyewe.

Mwisho wa maandamano mimi husimama na kusema maneno yaleyale. Watoto wangu, msivae nguo zao tu, vaeni na matendo yao. Fuateni mfano wao. Kutoa ni moyo, si utajiri. Watoto huitikia kwa wimbo, "Ndiyooo, Madam." Kisha kengele ya kwenda kula githeri inalia, na wa kwanza kumsukuma mwenzake kwenye foleni ni shahidi wa imani, taji bado kichwani.

Basi nilikuwa nimechoka. Nasema kuchoka, si kuzeeka. Kuzeeka ni kitu kingine na hicho nakivumilia. Mimi ni mtu wa ziwani, nilikuja huku kufundisha nikiwa msichana, nikiwa na blauzi nyepesi za kwetu, na baridi ya asubuhi ya kwanza karibu initoe roho. Nikanunua uzi, nikajifunza kufuma masweta, na hadi leo nikikaa bila sindano mikononi nahisi nimesahau kitu. Kigusii nakisikia chote, ila nikikifungulia mdomo watoto wanakufa kwa kicheko, kwa hiyo mimi na wao ni Kiswahili tu. Na kwa Kiswahili hicho nimewaambia watoto wafuate watakatifu mpaka waliokuwa watoto wamekuwa wazazi wananiletea watoto wao. Wakikutana nami sokoni wananisalimu vizuri sana, halafu wananipunja ndizi.

Mwaka huu darasa la tano lilikuwa na msichana mmoja mpole, wa dirishani. Mama yake ni mchuuzi wa ndizi Keroka, mwenye sauti ya kusikika mpaka kwa malori ya barabarani. Mtoto hakuichukua sauti hiyo. Nilipouliza nani atakuwa nani, alinyoosha mkono na kusema anamtaka yule askari wa zamani, yule aliyekutana na maskini kwenye baridi, akalikata joho lake kwa upanga na kumpa nusu.

Wavulana walicheka. "Madam, huyo ni mwanaume!"

"Na wewe jana ulitaka kuwa malaika," nikamwambia aliyecheka zaidi. "Malaika mwenye kamasi."

Darasa likatulia. Yule msichana akabaki amesimama. "Mwalimu, ile nusu ilimtosha? Yule maskini, alisikia joto?"

Nilikuwa na madaftari ya kusahihisha, na koo lilikuwa limekauka. "Ilimtosha. Alikuwa ni mtakatifu aliyempa. Keti."

Akaketi. Sikulifikiria tena swali hilo.

Juma la mazoezi lilikuja na mvua ya mawe. Huku juu mvua haina adabu: asubuhi jua, saa nane barafu inapiga mabati mpaka huwezi kumsikia aliye mbele yako. Nilikuwa ofisini natafuta gundi ya mataji. Niliporudi darasani niliwakuta watoto wamesongamana kwenye dawati la dirishani, kimya. Watoto wa darasa la tano wakinyamaza, ujue kuna maafa.

Aliyeketi dawati moja na yule msichana alikuwa mtoto mgeni, ametoka kwetu ziwani muhula huohuo, mama yake akiosha vyombo hotelini pale Keroka. Alikuja na sare yote isipokuwa sweta. Nilikuwa nimeliona hilo. Nilijiambia nikimaliza maandamano nitamfumia. Sasa alikuwa amekaa amevaa sweta: mkono mmoja, bega moja, nusu kifua. Na rafiki yake amevaa nusu ya pili. Mkasi wangu wa kukatia mataji ulikuwa juu ya dawati. Wote wawili waling'aa nyuso.

"Mwalimu," akasema yule mpole, "tumefuata."

Ala! Nilikaa kwenye kiti cha mtoto, na magoti yakalia. Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, na zaidi ya yote nilitaka kuishika ile sweta, maana mimi ni mfumaji na macho yangu yalikuwa yameshaona. Joho la yule askari lilikuwa kitambaa kizito. Sweta si kitambaa. Ukiikata sweta kwa urefu, kila mstari umeukata, na hakuna wa kumshika mwenzake. Ukivuta kidogo inaachia. Hata uzi hauwi uzi tena, unakuwa vinyuzi vifupi ambavyo hakuna sindano itakayovisaidia.

"Msizivute," nikasema. "Kaeni tu hivyo, msizivute."

Mwambie mtoto asivute. Kabla ya kengele ya kwenda nyumbani wasichana walikuwa wanasuka bangili za nyuzi za kijani, na wavulana wameshindilia nyingine ndani ya mpira wao wa juala, wa mifuko ya plastiki, ili udunde vizuri. Mikono miwili ya sweta ndiyo iliyobaki, imening'inia kwenye vipande vya kola. Mvua ilikuwa haijaisha. Walishuka kilima wote wawili wamejikunja, hakuna mwenye sweta.

Siku iliyofuata Sista aliniita. Sista ndiye mkuu wa shule, mwanamke mwenye haki, na amechoka kuliko mimi, ila yeye huficha. Juu ya meza yake palikuwa na tai ya shule, imekatwa katikati.

"Hii ni ya darasa la tatu," akasema. "Mtoto amempa rafiki yake nusu. Anasema ni utakatifu. Kesho watakata nini, Mwalimu? Suruali?"

Nilibana mdomo nisicheke.

"Usicheke. Wazazi watanila nyama. Siku ya maandamano, kabla hamjaanza, huyo msichana atasimama mbele ya paredi aombe msamaha kwa kuharibu sare. Kwenye maandamano hatakuwemo. Na wewe umwandalie maneno."

"Sista, mtoto amefanya kile tunachowaambia wafanye."

"Najua."

"Sasa anaomba msamaha wa nini?"

Sista alivua miwani, akajifuta macho. "Mwalimu, nina watoto mia na mia, kila mmoja anaweza kushika mkasi. Mimi silei mtakatifu mmoja. Naendesha shule."

Ningekuwa mimi kwenye kiti kile ningesema hivyohivyo.

Mama wa ndizi alikuja mchana. Nilimsikia kabla sijamwona. Aliingia stafrumu ya walimu na kitenge kiunoni, akaweka kwenye meza, mbele yangu, ile kola yenye mkono mmoja.

"Mwalimu, hujambo. Wewe unafundisha dini ama unafundisha ushonaji?"

"Sijambo, mama. Keti."

"Sikai. Nimeacha ndizi zangu kwa jirani, na jirani mwenyewe ni mwizi. Hii sweta nilinunua kubwa, ya kukulia, aivae mpaka amalize shule. Mikono nilikuwa nakunja. Niambie, hao watakatifu wako walikuwa na mama?"

"Walikuwa nao."

"Mama zao walisema nini?"

Lo! Miaka yote hiyo ya kufundisha, hakuna padri wala mkaguzi aliyewahi kuniuliza hilo. Nikasema sijui.

"Mimi nakwambia walisema nini. Walisema, mjinga wewe!" Akaketi, baada ya kusema hakai. Akavuta pumzi, sauti ikashuka. "Nilimchapa, Mwalimu. Hakulia. Aliniuliza tu kitu kimoja. Aliniuliza kama mwalimu alidanganya. Eti ulisema nusu inatosha. Nikamwambia walimu hawadanganyi, lakini nimemwona, hajaamini. Tangu jana hasali. Tulikuwa tunasali na yeye jioni, yeye ndiye anaanzisha. Sasa ananyamaza. Mimi nasema peke yangu kama kichaa."

Hapo ndipo niliumia. Tai na sare na wazazi anaowaogopa Sista, hayo yote ni kelele za chura. Lakini nilikuwa nimepiga mayowe umri mzima watoto wafuate, na mtoto mmoja, mmoja tu niliyemwona kwa macho yangu, alikuwa amefuata. Na huyohuyo ndiye tuliyetaka kumsimamisha mbele ya wote aseme amekosa. Akisema hivyo na akaamini, basi nimempoteza, na sidhani nitapata mwingine. Moyo wangu ulikuwa mzito kama gunia la majani chai yaliyonyeshewa.

Nilimweleza mama habari ya msamaha wa paredi. Nilidhani atawaka. Aliguna tu. "Aombe. Sweta ni ya shule. Lakini mkimwaibisha akaacha kanisa, mtakuja nyumbani kwangu kunisalisha ninyi."

Nilirudi kwa Sista jioni hiyo. Alikuwa amefunga faili zake, anatafuta funguo.

"Sista, maneno siwezi kumwandalia."

"Kwa nini?"

"Maneno yangu ndiyo yaliyomponza. Nikimpa mengine yatamponza tena. Mimi nimeishiwa."

Nilidhani atanigombeza. Alinitazama, labda aliona magoti yangu. "Basi aseme mwenyewe," akasema. "Mradi aseme pole. Nenda upumzike, Mwalimu, unatisha."

Asubuhi yake nilimwita yule msichana kando ya bomba la kuchotea maji. Nikamwambia atasimama mbele ya paredi aombe msamaha wa sweta, na kwamba sitamwandikia chochote, aseme lililo moyoni mwake, kwa ufupi. Alisikiliza akikuna mguu kwa mguu.

"Mwalimu, niombe msamaha wa kukata ama wa kupeana?"

"Wewe unaona nini?"

Alifikiri. Aliniuliza kama anaweza kwenda kunywa uji, nikamwambia nenda. Nilibaki pale nimeshika bomba la maji, nikajiambia, mama mzima, ungemjibu basi. Lakini ningemjibu nini ambacho sikuwa nimekwisha kukisema?

Siku ya maandamano ukungu ulikuwa umekaa uwanjani, mataji ya maboksi yanalowa kabla ya kuanza. Wazazi walisimama nyuma, kina mama na leso mabegani, kina baba wachache na makoti. Mama wa ndizi alikuwepo, mbele ya wengine wote. Alikuwa ameniambia langoni kwamba amehangaika, amempatia mwanawe sweta ya binamu yake aliyemaliza shule, nzima kabisa, ila imepauka. "Hiyo akiikata," alisema, "namkata yeye."

Tukasali. Sista akatangaza kwamba kuna mwenzetu ana neno. Wavulana wenye panga wakaanza kunong'ona, nikawapiga jicho.

Yule msichana akatoka mstarini. Alikuwa na sketi na blauzi ya mikono mifupi, na mikono yake imesisimka vipele vya baridi. Sweta hakuwa nayo. Nikafikiri, maskini, ameisahau nyumbani, na leo ndiyo siku ya kuisahau? Nikageuka kumtafuta mama yake. Mama yake hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama mstari wa darasa la tano, mdomo wazi. Nami nikatazama huko. Yule mtoto mgeni, mtoto wa kwetu, alikuwa amesimama pale ndani ya sweta iliyopauka, nzima, vifungo vyote vimefungwa mpaka shingoni, mikono imekunjwa mara mbili.

"Naomba msamaha," akasema yule msichana. Sauti yake haikufika nyuma, Sista akamwambia aongeze. Akaongeza. "Naomba msamaha kwa sababu nilikata sweta ya shule. Nusu haikufika hata jioni. Tulisikia baridi sisi wote wawili. Nilikosa." Akameza mate. "Nilifaa kumpa yote."

Akainama kidogo, kama tunavyowafundisha, akarudi mstarini. Yule mgeni akasogea, akampisha nafasi, wakasimama wamegusana mabega.

Hakuna aliyepiga makofi. Watoto hawakujua kama ni wakati wa makofi au wa kuogopa. Nyuma, kwa wazazi, ikasikika sauti moja inayofika mpaka kwa malori.

"Wooi! Huyu mtoto ataniua!"

Watu wakacheka, na nikamwona anacheka pia, na anajifuta uso na leso, na hajui afanye lipi kwanza. Kisha akavunja mpango wote wa paredi. Akapita katikati ya watakatifu, akawafunika wale wasichana wawili kwa leso yake, wote wawili chini ya leso moja, akarudi nyuma mikono mitupu, akinitolea jicho kana kwamba na hilo nalo nimelipanga mimi.

Sista alikuwa kando yangu. Alikuwa ameshika karatasi ya ratiba, na ukungu ulikuwa umeilegeza mikononi mwake. Malkia na mashujaa walikuwa wanangoja, na zamu yangu ya kusema maneno ya kuwafungulia maandamano ilikuwa imefika. Sikuyapata.

"Mwalimu," Sista akaninong'oneza, bila kugeuza kichwa. "Hayo ndiyo uliyomfundisha?"

"Hapana, Sista," nikasema. "Mimi nilimfundisha nusu."